Mkono Kwenye Picha ya Bingwa

Zulia la ukumbini lilikuwa kavu, lakini kila aliyepita chini ya ile picha kubwa viatu vyake vililia chwa, chwa, kama anakanyaga tope. Watu walicheka, wakawasingizia wafagiaji, wakarudi mezani kujaribu kamera mpya ambazo kampuni iliyozitengeneza iliwaazima kwa siku hiyo.

Kibiriti hakucheka. Picha ile aliijua: bwawa la machimbo, maji ya kahawia, na mkono wa mwanamke umechomoza hadi kwenye kiwiko. Ulikuwa mkono wa dada yake, siku alipozama. Aliyeipiga ni Bingwa, mwenyekiti wa klabu yao ya wapenzi wa picha. Ilimpa tuzo, ikampa na jina, na leo kampuni imempandisha jukwaani awafunde wenzake. Siku zote aliapa kwamba alikuwa ng'ambo ya bwawa, mbali, na lenzi ndefu, hakusikia kitu. Kibiriti alijiunga na klabu kwa jambo moja tu: amsikie akisema kweli mbele za watu.

Sifa zikamponza Bingwa. Alipoulizwa siri ya picha ile, alivimba kichwa, akawaambia wasiogope kumsogelea mtu. Yeye hapo alitumia lenzi fupi, ya kupigia karibu, mpaka maji yakamrukia usoni.

Kibiriti akasimama. "Mwenyekiti, lenzi fupi, nawe ulikuwa ng'ambo?"

"Binti, leo ni siku ya kamera, si ya kesi."

Ukumbi ukaangua kicheko. Kisha ikaja harufu ya tope bichi, nzito, ikapanda toka sakafuni. Bingwa akakohoa. Maji ya kahawia yakamtoka mdomoni, yakalowesha shati.

"Nipe mkono," alisema, kwa sauti ya kike.

Akaanguka akitapatapa juu ya zulia kama mtu anayetafuta sehemu ya kukanyaga asiipate, na wale wapenzi wa picha, badala ya kumkimbilia, wakainua kamera zao, wengine wakipiga magoti, wengine wakipanda viti, wakinong'onezana wasizibiane mwanga, na vitufe vikalia mfululizo kama mvua juu ya bati huku macho yake yakiwazunguka mmoja baada ya mwingine na mkono wake umenyooka hewani bila wa kuupokea.

Kibiriti peke yake alimsogelea. Sauti ya Bingwa ikamrudia, ndogo, imejaa maji.

"Nivute, mwanangu."

"Sema kwanza."

"Aliniita. Ningemfikia kabisa. Nikasema... nipige moja tu zaidi."

Ukumbi mzima ulisikia. Alichokifuata Kibiriti alikuwa amekipata, na vidole vya Bingwa vilikuwa karibu kugusa vyake. Akakunja mikono kifuani, akamtazama mpaka Bingwa akakata roho.

Wenzake hawakulia. Waliinamia vioo vya kamera wakilinganisha nani kaipata vizuri zaidi. Hapo pumzi baridi ikamgusa Kibiriti sikioni, na sauti iliyonena haikuwa ya Bingwa wala ya dada yake. Ilikuwa kongwe, na ilikuwa na njaa.

"Waliopiga picha ni wengi. Tuanze na nani?"

Kibiriti akawapitishia macho taratibu, kisha akamnyooshea kidole yule aliyekuwa akitabasamu.