Sababu ya Kukiuka Orodha

"Kiti namba saba kiko wapi?"

Spana hakugeuka. Alikuwa amekaa sakafuni anakaza nati, na kutoka pale aliona viatu tu: vyeusi, vimepigwa kiwi, kamba zimelingana. Mwenye viatu hivyo ndiye angefunga naye ndoa Jumamosi ya wiki ijayo.

"Nimeshakitoa."

"Umempa nani?"

"Mama wa maua. Yule aliyekuja jana amebebwa mgongoni na binti yake."

Karakana ile ilikuwa ya shirika la hisani linalogawa viti vya magurudumu bure. Spana alikuwa fundi wao, na jina hilo alilipata kwa sababu hakuonekana bila spana mkononi. Mchumba wake ndiye aliyeamua nani apewe. Alikwenda kwa waombaji nyumba kwa nyumba, akawauliza maswali ishirini na mawili, akatoa alama, akapanga majina. Watu walimwita Orodha. Walidhani wanamtania, kumbe yeye alilichukua jina hilo kama cheo.

"Mama wa maua ana alama arobaini na moja," alisema Orodha. "Wa kwanza ni mwalimu mstaafu. Sabini na nane."

"Mwalimu sikumwona. Huyu nilimwona. Alilia mpaka na mimi nikalia."

"Mwalimu hakuja kwa sababu hana wa kumbeba. Moyo wako unampa aliye mbele ya macho. Asiyeweza kufika hapa, amlilie nani?"

Spana akaikaza tena nati iliyokwisha kukazwa.

Orodha akatoa fomu, akaiweka juu ya meza ya kazi. "Jaza pale chini."

Mstari wa mwisho ulisema: Sababu ya kukiuka orodha. Spana akafuta grisi vidoleni, akaandika neno moja: Alilia.

"Hiyo si sababu."

"Sina nyingine."

"Bila sababu, fomu si halali."

"Na wewe ukiulizwa kwa nini unanioa, utatoa fomu?"

Orodha akaichukua fomu, akaondoka na viatu vyake.

Mchana Spana akampigia simu shangazi yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka minne.

"Shangazi, huyu mtu hana moyo."

"Moyo anao, mwanangu. Angekuwa hana tungeshamzika."

"Sitanii. Miaka miwili sasa, hajawahi kuniambia kwa nini alinichagua mimi. Nikimuuliza ananyamaza. Naogopa kuishi na mtu anayenipenda kwa rula."

"Basi muulize mpaka ajibu, na uulize kabla ya Jumamosi. Ndoa si kiti, huwezi kuirudisha karakana."

Asubuhi iliyofuata ujumbe ukaingia kwenye simu: "Nakwenda kwa mama wa maua kukagua kiti, kisha kwa mwalimu. Njoo na vifaa. Ni kazi tu."

Spana akajibu: "Kazi tu."

Mama wa maua walimkuta barazani, katikati ya ndoo zake za maua ya kuuza. Alikaa upande upande, na ubavuni amewekewa mito miwili.

"Nashukuru sana, wanangu," alisema. "Sina la kulalamika. Ila kiti kinanimeza."

"Kinamchubua," alisema binti yake. "Onyesha, mama."

Nyonga ilikuwa imekuwa nyekundu, na ngozi imeanza kuachia. Spana akapiga magoti. Alikuwa na tepu ya kupimia mfukoni, kama siku zote. Juzi ilikuwa mfukoni vilevile, ila hakuitoa, kwa sababu alikuwa anafuta machozi. Fundi mwenye uzoefu wa miaka tisa, ametoa kiti bila kumpima mtu.

Aliona aibu. Alisubiri Orodha aseme "nilikuambia", lakini Orodha alikuwa anapanga mto upya, taratibu, huku akimuuliza mama kama unambana. Hakulisema hata ndani ya gari.

Kwa mwalimu ilikuwa zamu ya Orodha kuona aibu. Spana alisimama mlangoni, akavuta tepu, akapima mara ya pili ili awe na hakika.

"Mlango ni sentimita sitini," alisema. "Kiti namba saba, nje kwa nje, ni sitini na sita."

Orodha akaishika tepu mwenyewe, akapima.

"Maswali ishirini na mawili," alisema Spana, "na hakuna hata moja la mlango."

Mwalimu alikuwa kitandani, gazeti la mwaka jana kifuani. "Kijana, nilitaka kukwambia siku ile," alisema. "Ila uliniagiza nijibu ninachoulizwa tu. Nami nimefundisha miaka thelathini, najua kutii maelekezo ya mtihani."

Orodha alitoka nje, akakaa kwenye ngazi ya vumbi. Spana hakuwahi kumwona amekaa mahali bila kupangusa kwanza. Akamwonea huruma, akamfuata.

"Nipe karatasi nichore huu mlango."

"Zimo mkobani."

Spana akafungua mkoba. Chini ya kalamu palikuwa na fomu kuukuu, imekunjwa mara nne. Ilikuwa na safu mbili za alama. Moja iliandikwa Mhasibu, nyingine Fundi. Tarehe ilikuwa ya miaka miwili nyuma, wiki moja kabla hajamchumbia. Utulivu, tatu kwa kumi. Mapishi, mbili. Jumla ya Fundi, hamsini na nane. Jumla ya Mhasibu, themanini na moja.

"Hii ni nini?"

Orodha akageuka, akaiona. "Ya zamani."

"Umenipa mbili ya mapishi."

"Ulikuwa umeunguza chai."

"Kumbe na mimi nilikuwa mwombaji." Sauti yake ilitulia kupita kawaida. "Na nilishindwa." Akavua pete, akaiweka juu ya mkoba. "Nenda kwa mwenye themanini na moja. Hutakosea."

"Soma chini."

"Nimesoma vya kutosha."

"Tafadhali. Soma chini."

Chini paliandikwa: Aliyechaguliwa: Fundi. Kisha: Sababu ya kukiuka orodha. Mbele yake hapakuwa na neno. Karatasi pale ilikuwa imefutwa kwa ufutio mara nyingi, mpaka imekonda, upande wa pili unaonekana.

"Hujaandika kitu."

"Niliandika. Nikafuta. Kila sababu niliyoandika, yule mwenzako alikuwa nayo zaidi."

"Sasa kwa nini unaibeba miaka miwili?"

"Haijakamilika. Siwezi kuiweka kwenye faili."

Spana alimtazama yule mwanamume kwenye vumbi. "Ungeniambia."

"Nikuambie nini? Kwamba sijui?"

"Ndiyo. Hilo tu. Nimekuuliza miaka miwili, ungeniambia hujui."

"Sijui, Spana." Alikuwa analia, vibaya, kama mtu asiye na mazoezi. "Najua ukiondoka nitakuwa nimekosea. Kwa nini, sijui."

Spana aliichukua pete. Kidole kilikuwa na grisi, ikaingia bila shida.

"Inuka," alisema. "Kuna mlango wa kung'oa."

Siku mbili walifanya kazi. Spana aling'oa fremu ya mlango wa mwalimu, akapanua, akarudisha. Kisha akachukua viti vitatu vibovu vilivyokuwa nyuma ya karakana, akakata, akachomelea, akapata kimoja chembamba cha mama wa maua, huku Orodha akimsomea vipimo kimoja kimoja na kuvirudia. Namba saba ikaenda kwa mwalimu. Kwenye fomu mpya Orodha aliongeza swali la ishirini na tatu, la upana wa mlango, na la ishirini na nne: Kuna jambo hatujakuuliza?

Jumamosi walifunga ndoa. Mama wa maua alikuja na ndoo zote nne. Mwalimu alifika mapema, akasahihisha tahajia ya kadi.

"Vipi, amejibu?" shangazi alimnong'oneza bibi harusi.

"Amesema hajui."

"Basi huyo ni wa kwako," alisema shangazi, akaenda kutafuta kiti cha mbele.

Walipoanza kazi tena, Spana alimkuta Orodha ofisini ameshika ile fomu ya namba saba, yenye neno moja na alama ya kidole cha grisi. Alikuwa anatafuta muhuri.

"Si ulisema 'Alilia' si sababu?"

"Bado si sababu," alisema Orodha, akaipiga muhuri. Kisha akatoa ile kuukuu, yenye pengo, akaipiga muhuri vilevile, akaziweka zote mbili kwenye faili moja.