Kisahani cha Kauri

Saa 5:10 asubuhi

Chumba cha nyuma cha saluni, Korogwe. Dunstan alichora ramani sakafuni kwa chaki.

"Mlinzi anaenda swala ya Ijumaa saa sita na nusu. Anarudi saa saba na nusu. Tunaingia karakana yenu, tunabeba kile kisahani cha kauri, tunasepa. Mnunuzi anakitaka kizima, fundi. Kizima."

Semboja aliitikia kwa kichwa. Angesema nini? Tangu jana mwanawe Pendo alikuwa Kwaluguru, nyumbani kwa Dunstan, "mgeni" mpaka kazi iishe. Loyce, dadake Dunstan, ndiye aliyekuwa akimlinda. Mtoto wa miaka saba.

Saa 6:40 mchana

Karakana ilikuwa tupu. Alfajiri Semboja mwenyewe alikuwa ameshindilia unga wa kauri kwenye kalibu nyeusi ya grafaiti na kuiweka mashineni, iliyotegwa kujiwasha saa sita mchana. Mashine huubana ule unga huku umeme mkali ukipita ndani yake, na kwa dakika chache unga huwa jiwe lisilotishwa na moto wa nyuzijoto elfu mbili. Mlango wa chumba cha mashine hujifunga umeme ukiwaka, na haufunguki mpaka joto lishuke kiasi. Sasa ulikuwa wazi.

Dunstan alikitoa kisahani kwa koleo. Kilikuwa cheusi tii.

"Bado cha moto," Semboja alisema. "Kiache kipoe chenyewe."

"Kingekuwa cha moto kingekuwa chekundu. Mimi nimechoma dhahabu Kang'ata miaka kumi, utanifundisha moto?"

"Bosi, usikitie maji. Kitapasuka."

"Unavuta muda mlinzi arudi."

Akakitumbukiza kwenye ndoo, kama wachoma dhahabu wote wanavyofanya na vitonge vyao. Kilitoa mlio mmoja mkavu. Vipande vitatu.

Dunstan akachomoa bastola.

"Tengeneza kingine."

Saa 6:58

"Sigusi kitu mpaka nimsikie mwanangu," Semboja alisema.

Dunstan alipiga simu, akaweka sauti ya juu.

"Loyce, mpe mtoto aongee na baba yake."

"Mtoto hayuko kwako tena. Saa tano nilimleta huku Mazingara kwa bibi yake. Nimekuvumilia mengi, kaka, kuteka watoto hapana." Nyuma yake sauti nyembamba ikasema, "Shikamoo baba, nakula muhogo." Simu ikakatika.

Semboja aliegemea ukuta. Machozi yalimtoka, hakujali nani anayaona.

"Bado nina hii," Dunstan alisema, akimwelekezea bastola. "Mnunuzi hajaondoka. Fanya kazi."

Semboja akajaza unga. Akaibana kalibu, akafyonza hewa, akawasha umeme. Nyuma yao kitasa cha mlango kililia kidogo. Dunstan alikuwa anatazama saa yake, hakugeuka.

Saa 7:26

Geti lilikwaruza nje. Mlinzi alikuwa akizungumza na watu waliotoka naye msikitini, wengi.

Dunstan akakimbilia mlango. Akavuta kitasa. Akavuta tena kwa mikono miwili.

"Fungua."

"Haufunguki mpaka ipoe. Dakika ishirini hivi."

"Zima mashine."

"Nikizima pia lazima ipoe."

Mdomo wa bastola ukamgusa shavuni. Semboja aliogopa, aliogopa sana. Alijua hata akikutwa mzima polisi wataondoka naye kwa pingu, kwa kuwa ufunguo uliowaingiza ulikuwa wake.

"Ulijua," Dunstan alisema.

"Nilijua."

Mlinzi alibisha. Semboja akavuta kiti, akakaa, akaanza kumweleza mlinzi, kwa sauti kupitia mlango, kilichotokea tangu jana.