Wimbo wa Tisa wa Lugano

Nyimbo zilikuwa nane. Tusekile alizijua kwa mpangilio wake, maana marehemu kaka yake Lugano ndiye aliyeziweka kwenye zile spika za masikioni za kuogelea, zinazocheza bila simu. Jumanne asubuhi, akiwa mita mia mbili kutoka ufukwe wa Ziwa Nyasa, jirani na bandari ya Itungi, wimbo wa nane ukaisha na ukaanza wa tisa. Haukuwa na ngoma wala gitaa. Ilikuwa pumzi ya mtu anayeogelea, na sauti ikihesabu mikono: moja, mbili, tatu, vuta, moja, mbili, tatu, vuta.

Sauti ilikuwa ya Lugano.

Alirudi ufukweni bila kupumzika. Kocha Sylvester hata usoni hakumtazama. Alitazama saa yake, akapiga makofi kwa sababu binti alikuwa amepunguza sekunde sita. Tusekile alipomweleza alichosikia, kocha alisema ni uchovu, tena asimletee ushirikina kwenye mazoezi, mchujo wa timu ya taifa umebaki wiki tatu. Spika zile za marehemu ni yeye aliyempa baada ya msiba, eti amuenzi kaka yake. Na huyu kocha, tuseme ukweli, alikuwa mwalimu wa riadha aliyeletewa waogeleaji akawapokea tu. Hakuna aliyewahi kuona maji yakimpita magoti.

Alhamisi hesabu ikaongeza kasi. Ijumaa mikono ya Tusekile ikaifuata kabla mwenyewe hajaamua, ikampeleka nje ya boya, nje ya nyavu za wavuvi, na kila alipojaribu kugeuka sauti ilihesabu kwa haraka zaidi, ikawa inapaliwa katikati ya namba, moja, mbili, halafu guruguru ya maji kooni, halafu tatu, mpaka mvuvi mmoja aitwaye Andongwisye alipomdaka mkono na kumpandisha mtumbwini akiwa anatapika.

Spika akazifungia kabatini, haikusaidia kitu. Jumapili mama yake alimkuta mtoni, kasimama na sketi yake ya kanisani, maji kifuani, anaendelea kwenda mbele. Hakuwa na chochote masikioni. Usiku na mchana sikio lake la kushoto lilitoka maji yenye harufu ya tope la ziwani, na hospitali walipolichungulia walisema ni safi kabisa. Mama Lugano hakuhitaji kuambiwa zaidi. Alishazika mmoja, na sasa aliona wa pili anakwenda.

Mama huyo ni mkulima wa kakao pale Ndandalo, mwimbaji wa kwaya, na mambo ya waganga alikuwa akiyasema vibaya waziwazi. Siku hiyo alimeza kiburi chake akamleta Bi Shamsa, muuza vitenge wa Kyela mjini, ambaye babu zake walikuja na dawa za kufukuza majini kutoka pwani. Bi Shamsa alifukiza ubani, akasoma, akaweka kiganja kwenye sikio la binti.

"Huyu si jini," alisema kwa sauti ya chini. "Jini ningemfukuza. Huyu ni wa kwenu. Mlimwita?"

Mama Lugano akatikisa kichwa. Kwa watu wa ufukwe ule, aliyefia majini hazikwi hivihivi. Yule aliyemwona mara ya mwisho hupandishwa mtumbwini, hupelekwa mahali penyewe, akasema kwa sauti ilivyokuwa, ndipo mama wa marehemu amwite mwanawe arudi nyumbani. Lugano hakuitwa. Kocha Sylvester aliapa mbele ya jeneza kwamba kijana alitoka majini mzima, akaanguka mchangani, moyo ukasimama. Na aliyefia mchangani haitwi.

"Mama," Tusekile alisema, "yule kocha alitudanganya."

Hofu yote ya wiki nzima ilimgeukia kuwa hasira, mpaka meno yakamuuma kwa kuyakaza. Huyu alikula kwenye matanga yao! Alibeba jeneza akiwa mbele, na mama akamshika mikono miwili akimwambia ndaga, ndaga, asante baba.

Asubuhi yake binti na mama yake walimfuata mazoezini, pamoja na Bi Shamsa na yule mvuvi, Andongwisye. Kocha alifoka, akataja polisi, mwisho akaomba aseme akiwa nchi kavu. Andongwisye alimwonyesha tu mtumbwi. Mle ndani kocha alishika kingo kwa mikono yote miwili, na walipofika mbele ya boya akaanza tena habari ya moyo. Hapo maji yakamtoka Tusekile sikioni yakamlowesha bega, na ile hesabu, ambayo mpaka siku hiyo alikuwa akiisikia peke yake, ikaanza kusikika chini ya mbao, polepole, ikagonga kila namba chini ya miguu ya kocha, ikahama alipohamisha miguu, harufu ya tope ikajaa mtumbwi mzima, mpaka yule mwanamume akaanza kulia.

Akasema. Mwera, ule upepo mkali wa kusini, ulikuwa umeshaanza kuchafua ziwa, naye akamwamuru Lugano aongeze mzunguko mmoja. Alipopiga filimbi, kijana hakusikia kwa sababu ya muziki masikioni. Mtumbwi ulikuwepo pale pale ufukweni, na kasia lake.

"Aliinua mkono, nikamwona," alisema. "Mimi sijui kuogelea. Niliogopa, nikakaa. Mawimbi yalimleta mchana."

Hesabu ikanyamaza. Bi Shamsa akamnong'oneza mama kwamba sasa amwite, isaga kukaja, njoo nyumbani, na kijana atamwachia dada yake aende akapumzike.

Mama Lugano alimtazama kocha. Kisha akainama, akatia kiganja majini.

"Lugano mwanangu," alisema bila chozi, "mwache dada yako. Lakini nyumbani usije bado. Nenda na huyu."

Bi Shamsa alimshika mama mkono, lakini alikuwa amechelewa. Sikio la Tusekile likazibuka. Akasikia ndege, akasikia maji yakipiga ubavu wa mtumbwi. Mbele yake vidole vya kocha viliachia kingo kimoja kimoja, mkono wa kulia ukainuka, kisha wa kushoto, na kiwiliwili kikaanza kuinamia ziwa. Andongwisye akaliweka kasia magotini. Kocha akamgeukia binti, akamwomba amshike.

Tusekile, ambaye mle mtumbwini hakuna aliyemshinda kuogelea, alikaa.