Miche Isiyo Yetu

Kila jioni baada ya masomo, Chiriku, binti aliyeitwa hivyo kwa wingi wa maneno, alikwenda kitaluni na Somo, rafiki yake wa chanda na pete. Msitu wa kale uliokuwa juu ya kijiji ulikuwa umefyekwa upande mmoja, na wanakijiji walikuwa wakiurudisha kwa mbegu zilizookotwa chini ya miti yake yenyewe. Kila watoto wawili walitunza viriba arobaini, vile vifuko vya udongo vya kuoteshea miche.

Mara Chiriku akashikwa na homa, akalala wiki tatu. Somo alikuja kumjulia hali kila siku. "Wewe pona tu, miche yetu haijambo," alimwambia.

Chiriku alirudi siku moja kabla ya kupanda. Lo! Miche ya wenzao ilikuwa na majani manne manne, yao imefika magotini!

"Somo wangu, mikono yako ina baraka!" Akachuma jani, akalifikicha. Likanuka kama dawa ya kifua.

"Hii ni mikaratusi!"

Somo akainama. "Yetu ilikauka, nilikuwa nacheza. Hii nimeitoa shambani kwa baba. Kwani mti si mti?"

"Mikaratusi inakunywa maji bila adabu! Kesho tunapanda pembeni mwa chemchemi!"

"Basi nyamaza. Ukisema, usiniite somo tena."

Kikulacho ki nguoni mwako. Miche kukauka hakukumuuma Chiriku sana. Kilichomchoma ni yule Somo aliyeketi kitandani pake kila siku, akimdanganya huku akimshika mkono. Alikwenda akilia mpaka kwa shangazi yake, msimamizi wa kitalu, akamweleza yote.

Shangazi aliwaita wote wawili. Mikaratusi ikarudishwa shambani jioni ileile.

"Mche kukauka si aibu," alimwambia Somo. "Ungesema siku ileile, tungeokota mbegu nyingine. Ulipoficha, nusura tuikaushe chemchemi kwa mikono yetu wenyewe."

Somo akaomba radhi huku akilia. Shangazi akawapa kikapu kimoja, waende msituni kuokota mbegu upya.

"Nitamwaminije tena, shangazi?" Chiriku aliuliza kwa uchungu.

"Leo usimwamini, mwanangu. Okoteni mbegu kwanza. Imani ikishakatwa huota polepole kama miti ya msitu huu, wala haikui kwa mbio za mikaratusi."