Mtu wa Kijani Mlangoni

Kwa heshima na taadhima, mbele ya wasomaji wenye akili timamu, natangaza kwamba hii ni hadithi ya mapenzi safi, isiyo na damu hata tone.

Tone la kwanza lilidondokea kiatu cheupe cha mpiga picha. Alikuwa katikati ya soko, kakumbatia nailoni tatu za rangi alizotoka kununua, kibaka alipomkwapulia kamera. Kibaka hakufika mbali. Bondia mmoja, shati la njano limembana mabega, aliweka soda yake chini, akamtandika ngumi moja ya pua na kuidaka kamera hewani.

"Chukua, dada. Pole kwa kiatu."

"Huwa unasalimia watu hivi?"

"Hii ndiyo shikamoo yangu."

Wote wawili riziki yao ilikuwa kupiga, mmoja picha, mwenzake watu. Penzi likawaka.

Binti huyu alikuwa na ufundi wake. Picha moja aliipiga mara tatu, kila mara kafunika lenzi kwa nailoni: nyekundu, kijani, kisha bluu. Akizilaza pamoja kwenye kompyuta, kilichotulia hutoka na rangi yake halisi. Kilichosogea huvunjika vipande, kila kipande na rangi yake.

Na bondia, ambaye wenzake walimwita Nyundo, hakuwahi kutulia hata akila.

Siku moja aliingia studio akakuta picha mpya ukutani. Mpenzi wake kasimama kwenye mlango mweusi, gauni jekundu, mzuri hadi kero. Shingoni kwake, mwanamume wa kijani anambusu.

"Nani huyu?"

"Mpenzi, huyo ni..."

Hakungoja. Kioo kikubwa cha shangazi yake binti kikapokea ngumi. Taa ikafuata, meza ikapinduka, damu ikamchuruzika Nyundo vidoleni. Binti naye si mnyonge, akamtwanga stuli ya mgongo.

"Ni wewe, bwege! Ulirukia picha ya kijani ukanibusu! Unajionea wivu mwenyewe! Toka!"

Jioni simu ya binti ikalia mpaka ikachoka. Ya kumi na kitu akaipokea.

"Malaika wangu, nisamehe."

"Malaika wako anachomoa vigae vya kioo kwenye unyayo."

"Nitafanya lolote."

"Leo umevunja kioo. Kesho utavunja nini, mimi? Njoo kesho. Picha tatu. Ukitikisika popote, kwaheri ya kutoonana."

Akaja na suti nyeusi, mkono umefungwa bandeji. Shangazi, mwenye kioo chake, akaomba kushiriki. Akavua ndala. Mlango ukafungwa kwa ufunguo, ndani wakabaki watatu tu.

Nyekundu: ndala shavuni, paa! Kijani: sikioni. Bluu: shangazi akarudi nyuma, akachukua mbio, akamshindilia teke la ugoko. Machozi yakamlenga bondia, lakini hakusogea.

Kompyuta ikatoa hukumu. Shangazi alitoka mashangazi watatu wenye hasira. Nyundo alitoka mzima: suti nyeusi, bandeji nyeupe. Isipokuwa midomo. Ilikuwa imevunjika rangi tatu.

"Umetikisika," binti alisema.

"Nilikuwa nasema kitu."

"Kitu gani kisichoweza kungoja?"

"Naomba nikuoe. Nimesema mara tatu. Ndala ilikuwa na kelele."

Binti hakucheka. Alizikuza zile ngumi, akazitazama kwa muda mrefu. Zilikuwa zimetulia tuli, hazina hata ukingo wa rangi ngeni.

"Kwanza, kioo cha shangazi. Pili, ukiinua mkono tena ndani ya nyumba, hiyo stuli haitaishia mgongoni. Tatu, ndiyo."

Kisha akakunja uso, akakuza kona ya dirisha. Nyuma ya pazia kulikuwa na kichwa: sikio jekundu, mdomo wa kijani umejaa mkate, jicho la bluu limetoka pima.

"Shangazi, huyu si mdogo wangu? Si yuko bweni?"

"Ndala yangu iko wapi?"

Nakiri. Kichwa ni changu, na bweni nilitoroka. Na kuhusu damu niliwadanganya: hata karatasi hii ina tone, la puani kwangu.