Mikono Juu ya Taji

"Inamisha kichwa, shoga," Helena alimwambia Tunu. Yeye kulia, msusi mwenzake Mwanamkuu kushoto, wanasuka kichwa kimoja saluni, na huko nje stendi ya Kwa Mathias makondakta wanaita abiria wa Mlandizi. Ndipo akaingia kijana mwenye suruali iliyojaa madoa ya rangi, akaomba kuchaji simu. Simu ikajaa, mwenyewe haondoki.

"Kaka, unachaji simu au unachaji macho?" Helena akamtania.

"Vyote, mrembo."

Huyo ndiye Magembe, mchoraji. Kanisa la Msimbu, kijijini kwao Helena, lilimpa ukuta wa nyuma ya altare amchore Bikira Maria akivikwa taji mbinguni. Miezi miwili ya kushinda saluni na simu za "umekula, kipenzi?" ikatosha. Helena akazama mzimamzima.

Mpaka siku alipofungua daftari la michoro la Magembe. Kurasa tisa, zote sura ya Tunu!

"Kumbe ulimfuata shoga yangu!"

"Helena, nisikilize kwanza..."

Hakusikiliza. Akamfungia simu, akalia wiki nzima, maana alishaanza kujiona mke wa mtu.

Agosti kumi na tano, Sherehe ya Kupalizwa Bikira Maria, mama yake akamwita nyumbani. Helena akaenda na kitenge cha bluu na kilemba chake, shingo juu, moyo unamuuma.

Kanisani, pazia lililofunika ukuta likashushwa. Bikira katikati, sura ya Tunu ileile, ameinamisha kichwa. Juu yake njiwa mweupe. Mungu Baba upande huu, Mwana upande ule, na mikunjo yote ya mavazi yao inapanda kuelekea taji. Helena akaitazama mikono iliyolishika. Vidole vidogo vimenyanyuka, kama anavyosuka yeye tu. Mikono ya mbinguni ilikuwa yake!

Magembe alimsubiri mlangoni.

"Tunu ndiye aliyekuwa kitini, basi. Mimi nilikuwa naangalia mikono yako. Nilipoona mnavyompamba, nikasema, mbinguni lazima wafanye hivi."

"Mbona hukuniambia?"

"Si ulinifungia simu! Helena, nikuoe?"

Waumini waliokuwa wakitoka wakageuka kuwatazama. Helena akacheka huku machozi yanamtoka. Akafungua kilemba chake, akakishika kwa mikono miwili, vidole vidogo juu.

"Inamisha kichwa, mume wangu."

Magembe akainama, na akina mama wa Msimbu wakapiga vigelegele.