Kabureta ya Mama Eseri

Ijumaa, saa mbili asubuhi, siku ya soko la Bwera, injini ya kinu cha akina mama ilikohoa ikanyamaza. Foleni ya mihogo mikavu ilikuwa imeshafika barabarani. Baluku, mwendesha mashine, alivuta kamba mpaka shati likaloa, kisha akasema ili foleni nzima isikie: "Jikleri imeibwa. Ruben ametuwekea iliyochakaa."

Jikleri ni kile kipande cha shaba ndani ya kabureta, kidogo kuliko punje ya hindi, kinachoipimia injini petroli. Ruben ni fundi mkimbizi kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, aliyeisafisha injini ile Jumatatu. Na sokoni, bwana, maneno hayangoji ushahidi. Mama Eseri, mwenyekiti wa kinu, alimwita Ruben mwizi mbele ya watu, na vijana wakapindua meza yake ya kazi. Mkimbizi akishapewa jina hilo hapa mpakani, nani atampa tena hata pampu ya baiskeli aitengeneze?

Afande Enid wa upelelezi alikuta wameshaanza kumsukuma Ruben.

"Mwacheni. Ruben, umeiba?"

"Mimi siko mwizi, afande. Jikleri yao iko mule ndani. Muniache nifungue. Kama haiko, munifunge."

Enid aliagiza kabureta itolewe kwenye injini, ilazwe mezani chini juu. Tumboni mwake mna skrubu nne zinazoshika kibakuli cha petroli, na kila moja ilikuwa na mstari mwekundu uliotoka kichwani mwa skrubu mpaka kwenye kibakuli.

"Rangi hii ni nini?"

"Ni ya kucha, ya muke wangu Marlène. Nikisha kufunga, naweka musitari. Mutu akigusa nyuma yangu, najua."

Mistari mitatu ilikuwa mizima. Wa nne ulikuwa umekatika. Kichwa cha skrubu ile kilikuwa kimeliwa na bisibisi mpaka kinang'aa, na nusu ya mstari iliyokuwa kichwani ilikuwa imesogea kuelekea upande wa kukaza.

"Hiyo haifunguki tena," Baluku akasema. "Ni kuvunja tu. Tununue nyingine, na huyu aende zake."

Watu wakaanza kunong'ona jina la Nobert, mwenye kinu cha dizeli ng'ambo ya barabara, maana foleni yote ilikuwa imehamia kwake. Enid akamwita.

"Jana ulikuwa wapi?"

"Kasese, afande. Nimeshuka kwenye lori sasa hivi. Hata mimi naona wateja tu, sijui wametoka wapi."

"Kabureta unaijua?"

"Dizeli haina kabureta. Mimi hiyo naiona kwa watu."

Basi ikabaki kufungua. Ruben alimwaga petroli yote iliyokuwa ndani ya kabureta kwenye chupa, akaidondoshea skrubu dizeli, akaigonga kichwani kwa nyundo ndogo, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa wakwe. Akaomba birika la maji yanayochemka akakimiminia kibakuli, ili alumini itanuke na kuiachia skrubu. Kisha akakichonga kichwa kile kilicholiwa kwa msumeno wa chuma, akapata mfereji mmoja ulionyooka, akaweka bisibisi bapa. Bisibisi ingeteleza, au kibakuli kingepasuka, Baluku angepata alichotaka.

Skrubu ikalia, ikazunguka, na zile tatu zikafuata.

Ndani jikleri ilikuwa inang'aa, na nambari iliyochongwa juu yake ilikuwa sawa na ya jikleri ya akiba ambayo Mama Eseri aliitunza tangu injini inunuliwe. Na chini ya chupa, petroli ikielea juu, yalikuwa yametulia maji.

"Maji yamepitia kwenye tangi," Enid akasema. "Hakuna aliyeifungua kabureta hii tangu Jumatatu. Lakini kuna aliyejaribu."

Kwenye kona ya banda la Ruben palikuwa na injini kuukuu ya aina ileile, kabureta bado imo. Enid alimpa Nobert bisibisi. "Fungua skrubu ya chini."

Nobert aliweka shavu chini mavumbini, akachungulia, akafungua. Ruben alikataa kabisa: "Hapana, afande. Naitoa kwanza, naigeuza, naiona."

Zamu ya Baluku ilipofika, aliinama juu ya injini, akapitisha mkono chini bila kuangalia, akazungusha kushoto kwa nguvu.

"Imekwama," akasema.

"Haijakwama. Unaikaza. Ukiwa juu yake, kushoto kwako ni kulia kwake. Ndivyo ulivyoila ile nyingine, na mstari wa Marlène ukasogea. Ulitaka kuitoa jikleri ukashindwa, ukamwaga maji kwenye tangi, ukategemea kwamba skrubu haitafunguka na neno lako litasimama."

Baluku aliketi juu ya gunia. "Miaka yote naitwa Baluku wa mashine," akasema polepole. "Nikasikia Mama anataka kumpa Ruben kazi yangu."

"Nani alikwambia?" Mama Eseri akauliza. "Nilitaka akufundishe, ili usihangaike kutafuta fundi kila mara. Ungeniuliza, mwanangu."

Enid akampeleka Baluku kituoni.

Ruben aliikausha kabureta, akairudisha, akamwaga petroli ya tangi yenye maji, akatia mpya, akavuta kamba. Injini ikanguruma kwa mvuto wa kwanza, na akina mama wakapiga vigelegele hadi Nobert, aliyekuwa amesharudi kwenye kinu chake, akazima dizeli aje kutazama. Mama Eseri akapanda juu ya mzani wa kupimia mihogo, mtu mzima yule, akaomba watu wanyamaze.

"Aliyemwita huyu mwizi ni mimi, na nilisema hapahapa. Sasa nisikieni tena. Ruben si mwizi. Kuanzia leo ndiye fundi wa kinu hiki, na atakayemwita vinginevyo aanze na mimi."

Ruben alilia palepale mbele ya soko zima, na wala hakuuficha uso wake.